Mganga na Fundi wa Kudarizi

Kushona ngozi ni kazi ya kale. Kushona mshipa wa damu ndiko kulikowashinda waganga. Tarehe 24 Juni 1894, mjini Lyon, Sadi Carnot, Rais wa Ufaransa, alichomwa kisu, nao mshipa mkubwa upelekao damu kwenye ini ukajeruhiwa. Waganga walijua kufunga mishipa midogo kwa uzi ili damu ikome. Mkubwa namna ile hawakujua kuushona. Rais akafa usiku ule.

Alexis Carrel, kijana aliyejifunza uganga mjini humo, hakuridhika. Akamwendea Bibi Leroudier, fundi wa kudarizi, akajifunza kwake kutumia sindano nyembamba na uzi wa hariri. (Nani angalidhani mganga ataketi miguuni pa mshonaji!) Mwaka 1902 akatangaza njia yake: nyuzi tatu huvuta ukingo wa mshipa uwe na pembe tatu, kisha sindano hupita upande kwa upande, wala tundu halizibwi. Mwaka 1912 akapewa tuzo ya Nobel. Mwaka 1954, mjini Boston, figo ya mtu ilitiwa katika mwili wa pacha wake, mishipa ikashonwa, naye mgonjwa akapona.