Upelelezi katika mashindano ya roboti: Jinsi ya kuupanga

USIONE vyaelea, vimeundwa. Katika mashindano ya roboti ya wanafunzi, ushindi huundwa karakanani, na vilevile jukwaani wanakoketi wapelelezi wa timu, kalamu mkononi.

Shirika la FIRST liliasisiwa nchini Marekani na mvumbuzi Dean Kamen mwaka wa 1989. Mashindano yake ya kwanza yalifanyika mwaka wa 1992, yakishirikisha timu 28. Siku hizi roboti sita huingia uwanjani pamoja, miungano miwili ya roboti tatu tatu. Katika mechi za awali, timu hupangiwa washirika. Mechi hizo zikiisha, timu zinazoongoza huteua wenzao wa mchujo. Hapo ndipo upelelezi unapolipa.

Watu: Wapelelezi sita huhitajika kwa kila mechi, kila mmoja akiwa na roboti yake asiyoiondolea macho. Kikosi cha pili hushika zamu, kwani jicho lililochoka hukosea hesabu. Kiongozi mmoja hukusanya fomu zote.

Taarifa: Huandikwa idadi, si maoni. "Roboti nzuri" hakumsaidii nahodha. "Imefunga mara nne, imekwama mara moja" humsaidia. Aidha, mabao ya roboti tatu hujumlishwa na kulinganishwa na matokeo rasmi ili kugundua makosa.

Vibandani: Wanachama wengine huzitembelea timu na kuuliza kuhusu uzito, magurudumu na uwezo wa roboti. Majibu huwa na majigambo. Hupimwa kwa yaliyoonekana uwanjani.

Orodha: Jioni, timu huketi na kupanga majina. Haisakwi roboti bora kuliko zote, bali ile inayoziba pengo. Wafungaji watatu wasio na mlinzi wanaweza kulemewa.

Shule iliyoko Laare, Kaunti ya Meru, haihitaji tarakilishi kuianza kazi hii. Daftari lililopigwa mistari latosha. Sokoni humo, mnunuzi wa miraa hulikagua bunda kabla ya kutoa pesa, hata muuzaji akilisifu vipi. Isitoshe, mwanafunzi aliyekosa nafasi ya kushika bisibisi hupata wajibu ambao timu nzima inautegemea.

Wahenga walisema chema chajiuza. Hata hivyo, roboti ya shule isiyo na jina, ifanyayo jambo moja bila kukosea, hujiuza tu iwapo kuna aliyeketi kuitazama.