Uhakika wa Ushahidi Usiojumlishika

Mwaka 1904 mtakwimu wa London, Karl Pearson, alichapisha katika British Medical Journal taarifa kuhusu chanjo ya homa ya matumbo miongoni mwa askari wa Uingereza waliokuwa Afrika Kusini na India, ambamo alikokotoa wastani wa matokeo ya makundi kadhaa, huku akitahadharisha kwamba makundi hayo yalitofautiana mno. Hesabu hiyo ilipata warithi wengi kuliko tahadhari yake. Gene Glass wa Marekani alipoipa jina la meta-analisisi mwaka 1976, kujumlisha takwimu za tafiti nyingi kulikuwa njiani kuwa kilele cha mapitio ya kimfumo, yaani utafiti unaokusanya na kupima tafiti zote za swali moja kwa kanuni zilizowekwa mapema.

Kikundi cha GRADE, kilichoanza mwaka 2000, kiliugawa uhakika wa ushahidi katika ngazi 4, kuanzia ya juu hadi ya chini sana, na kikataja kasoro zinazoushusha, zikiwamo upendeleo katika utafiti, kukinzana kwa matokeo na makisio yasiyo sahihi vya kutosha. Hata hivyo, kasoro hizo mbili za mwisho zilizoeleka kupimwa kwa kutazama jibu moja lililojumlishwa, ilhali tafiti za sera za tumbaku au makazi, kwa mfano, hupima mambo tofauti kwa vipimo tofauti, hata jumla yake isiwe na maana. Waandishi wengi walikimbilia kuhesabu kura, yaani tafiti ngapi zilipata matokeo yenye uzito wa kitakwimu na ngapi hazikupata, njia inayopotosha kwa sababu utafiti mdogo unaweza kukosa uzito huo ingawa tiba inafaa; kura yake ya hapana ni ya uchache wa washiriki tu.

Mwaka 2017 Hassan Murad na wenzake walionyesha kwamba vigezo vilevile vinatumika hata pasipo jibu moja: usahihi hupimwa kwa jumla ya washiriki na kwa upana wa makisio ya kila utafiti, na ukinzani kwa mwelekeo na ukubwa wa matokeo, ingawa hukumu ya mtathmini, ambayo kwa kweli haikuwahi kukosekana, hapo huonekana waziwazi zaidi. Mwongozo wa SWiM wa kuripoti mapitio yanayounganisha tafiti bila meta-analisisi, uliochapishwa mwaka 2020, una vipengele 9, na kimojawapo huwataka waandishi waeleze njia waliyotumia kuupima uhakika huo.