Usipa: friza ya Ludewa isiyotumia umeme

Bumu limekata, geto tunapika usipa. Mshkaji mmoja kanicheka: "Wenzako wanakula kuku wa friza, wewe bado na samaki wa bibi!" Leo nimpe historia kidogo.

Marekani, vyakula vya kugandishwa vya Clarence Birdseye viliingia madukani Machi 1930, mjini Springfield, Massachusetts. Ujanja aliuona kwa Wainuit wa Labrador, Kanada, ambao samaki wao waligandishwa fasta na baridi na upepo. Alichoongeza ni mashine. Tatizo, ubaridi haukutakiwa kukatika popote: kiwandani, njiani, dukani, mpaka nyumbani.

Kwetu Ziwa Nyasa, Manda na Lupingu, baridi hiyo hatuna. Tuna jua. Usipa wanavuliwa usiku kwa taa, kukicha wanaanikwa, wakikauka wanapandishwa milima hadi Ludewa mjini, Njombe na Makambako. Njia nzima hakuna friza. Na unapimiwa kwa hela uliyonayo, hata ya mboga ya siku moja.

Muhula uliopita tulichanga tukanunua kuku wa friza. Umeme ukakatika siku mbili, kuku wakaoza, hela ya wiki ikaenda. Usipa wangu kwenye mfuko hata hawakujua.

Sisemi friza mbaya. Ila bibi na Wainuit walisoma darasa moja: hifadhi chakula kwa kile ulichopewa bure. Mshkaji, karibu mezani, ugali unapoa. Nawakilisha.