Simba wa Tsavo wanajulikana, waliojenga reli je?

Chuma cha kwanza cha Reli ya Uganda kilitandikwa Mombasa Mei 30, 1896. Anayetaka kuiona historia hiyo kwa macho huelekezwa Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, nyuma ya stesheni kuu, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Uani yamepangwa magarimoshi ya mvuke, likiwemo lile kubwa lililopewa jina la Mlima Gelai wa Tanganyika. Lakini wageni wengi huulizia kwanza behewa namba 12.

Ni behewa la mbao. Juni 1900 lilikuwa limeegeshwa stesheni ya Kima, na ndani yake alilala Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, pamoja na wenzake wawili, wakimvizia simba aliyekuwa akila watu. Zamu ya kukesha ilikuwa ya Ryall, naye usingizi ukamchukua. Simba akaingia mlangoni, akamuua, akatoka naye dirishani. Dirisha hilo ndilo watu husimama kulitazama, na watoto wa shule huoneshwa mahali alipopitishwa marehemu.

Ryall ana jina, ana behewa na ana kisa chake. Vibarua waliotandika reli iliyolifikisha behewa hilo Kima hawana hata kimoja.

Takwimu zao zipo. Kumbukumbu za reli zinaonesha kuwa wafanyakazi 31,983 waliletwa kutoka India kwa mkataba. Kati yao 2,493 walikufa, sawa na takriban watu wanne kwa kila maili ya reli ile ya maili 582. Wengine 6,454 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema, 16,312 walirejea mkataba ulipokwisha, na 6,724 wakabaki. Hao waliobaki ndio mara nyingi hudhaniwa kuwa mababu wa Wahindi wote wa Afrika Mashariki, ingawa wenye maduka wengi walikuja baadaye kwa nauli zao wenyewe.

Waliandikishwa zaidi Punjab na kupakiwa melini Karachi, na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee alikuwa miongoni mwa waliopewa kandarasi ya kuwatafuta. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu, pamoja na posho ya chakula na nauli ya kurudi. Kundi la kwanza lilishuka Mombasa Januari 1896. Nyika ya Taru iliwapokea kwa kiu, malaria, kuhara, vidonda na funza. Reli ilifika Nairobi Mei 1899 na Kisumu Desemba 1901.

Katikati ya safari hiyo ipo Tsavo, na hapo ndipo panapohitaji kusimuliwa upya.

Machi 1898 alifika pale mhandisi John Henry Patterson kujenga daraja la mto. Kitabu chake kuhusu simba wala watu, kilichotoka mwaka 1907, ndicho kilichoitangaza Tsavo duniani. Wengi wamekisoma kwa ajili ya simba, wakaupita ugomvi ulio ndani yake, ambao unatueleza zaidi juu ya vibarua kuliko kurasa zote za uwindaji.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mshahara. Patterson anasimulia kwamba mwashi alilipwa rupia 45 kwa mwezi na kibarua wa kawaida rupia 12. Aliona kwamba wengi walioandikishwa kuwa waashi hawakujua kuchonga jiwe, akaamua kila mtu alipwe kwa kadiri ya mawe aliyoyatoa. Waashi wakakataa. Usiku mmoja wakakutana kwa siri na kula kiapo: watamuua machimboni, maiti waitupe porini iliwe na wanyama wa mwituni, kisha waseme ameliwa na simba.

Mmoja wao akamwendea Patterson hemani na kumtobolea siri. Kesho yake, Septemba 6, 1898, mkuu wa waashi Heera Singh naye akamsihi asipande korongoni kwenye machimbo. Patterson akaenda. Walimzunguka na mitaimbo na nyundo mikononi. Akaruka juu ya mwamba, akawahutubia kwa Kihindustani: njama anaijua, na serikali haitadanganyika kwamba simba ndiye aliyemla. Akataka walio tayari kufanya kazi wanyooshe mikono. Wakanyoosha. Baadaye polisi wa reli waliitwa, na vinara wa njama wakahukumiwa vifungo Mombasa.

Hayo ni maelezo ya upande mmoja. Patterson aliandika kitabu, lakini waashi hawakuachiwa hata ukurasa wa kueleza kwa nini mtu aliyevuka bahari kwa ahadi ya rupia 45 hakukubali ipunguzwe akiwa porini, mbali na kwao. Njama ya kuua haina utetezi. Hata hivyo kisa hiki kinatuonesha watu wenye akili zao, wanaokutana, wanaopatana na wanaojua bei ya jasho lao. Hawakuwa kundi la watu wanaosubiri kuliwa.

Walilithibitisha hilo tena Desemba 1. Simba wawili walikuwa wamewatoa wenzao mahemani usiku baada ya usiku, bila boma la miiba kusaidia. Vibarua wakamwambia Patterson kwamba walikuja kuifanyia kazi serikali, hawakuja kulishwa simba. Mamia wakajilaza relini, treni ikasimama, wakaipanda kurudi pwani. Ujenzi ulikwama kwa takriban wiki tatu. Simba wa kwanza aliuawa Desemba 9 na wa pili Desemba 29, kazi ikaendelea.

Katika kitabu, Patterson anataja Wahindi 28 walioliwa. Baadaye idadi ilipandishwa hadi 135, na watafiti waliopima mifupa na manyoya ya simba hao walikadiria mwaka 2009 kuwa takriban 35. Wala si Wahindi peke yao. Patterson mwenyewe anakiri kwamba Waafrika nao waliliwa kwa wingi, ila serikali haikuandika idadi yao. Wahindi walihesabiwa kwa kuwa walikuwa na mkataba. Wenyeji hawakupewa hata tarakimu.

Simba walitunzwa. Ngozi zao ziliuzwa kwa makumbusho ya Field, Chicago, mwaka 1924, na hadi leo wamesimama kwenye kioo. Mwaka 1996 Hollywood iliwatengenezea filamu.

Mahali panapowakumbuka binadamu kwa vitendo ni Makindu, kando ya barabara ya Mombasa. Hekalu la Kalasinga lililojengwa hapo mwaka 1926 lilianzia kwenye ibada za wafanyakazi wa reli. Msafiri yeyote, awe dereva wa lori au familia iliyochoka, anavua viatu, anafunika kichwa na kupewa dengu na chapati bila kulipa wala kuulizwa dini. Ni wema mkubwa, lakini ni wa waumini. Nchi yenyewe imefanya nini?

Mauritius imeitunza Aapravasi Ghat, gati la Port Louis walikoshukia vibarua wa aina hiyo. UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2006, na kila Novemba 2 nchi nzima hupumzika kuwakumbuka. Kenya mwaka 2017 ilizindua reli mpya, na mwaka huohuo Wakenya wenye asili ya Asia wakatangazwa kuwa kabila la 44. Mambo yote mawili yalistahili sherehe, lakini kumbukumbu ya vibarua haikupata nafasi inayolingana na mchango wao.

Deni hili linalipika. Wizara ya utamaduni, shirika la reli na Makumbusho ya Taifa wajenge huko Tsavo kumbukumbu ya vibarua, Wahindi na Waafrika pamoja, yenye kila jina litakalopatikana. Nanyi wenye mikataba, picha na barua za mababu makabatini, zipelekeni makumbusho zinakiliwe kabla mchwa hawajazimaliza.