Nusu ya Kuonana: Kadi za Vita za Otto Dix

Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana, na mara nyingi sisi tuchunguzao nyaraka za kale huishika nusu hiyo tukaifanya nzima. Hatari ya kosa hili yaonekana wazi katika habari za Otto Dix, mchoraji wa Kijerumani aliyezaliwa Gera mwaka 1891 na kufariki mwaka 1969.

Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta akisoma sanaa Dresden. Tangu vuli ya mwaka 1915 alitumikia kikosi cha bombomu, kama askari wa Afrika Mashariki walivyoiita bunduki ile kwa kufuata mlio wake. Alipigana Champagne na Somme, kisha upande wa Urusi. Kutoka huko alimpelekea Helene Jakob, rafiki yake aliyebaki Dresden, kadi nyingi za posta ya jeshi, upande mmoja maneno na upande wa pili picha aliyoichora mwenyewe. Tena baadhi ya kadi hizo aliziandika kwa Kiesperanto. Mwanaisimu hawezi kulipita jambo hili asisimame kidogo. Lugha aliyoitangaza Zamenhof mwaka 1887 kwa tumaini la kuyapatanisha mataifa yatoka handakini, kwa mkono wa mpiga bombomu, ikichukua salamu!

Picha zenyewe zaonyesha mahali zaidi kuliko watu: maandaki, mashimo ya mizinga, vijiji vilivyobomolewa. Mistari ni ya haraka na yenye pembe kali. Atakayezisoma kadi hizi peke yake aweza kudhani kuwa mwandishi wake aliiona vita kama nchi ngeni ya kuchorwa, wala hatakuwa amekosa kabisa, kwani Dix mwenyewe alikiri baadaye kuwa alitaka kuyashuhudia yote kwa macho yake. Lakini nathubutu kusema kuwa mambo mengine hayaandikiki kwa mtu anayengoja nyumbani, hata katika lugha ya faragha ya watu wawili.

Yaliyobaki yalichukua miaka. Uzeeni alieleza kwamba kwa muda wa miaka kumi au zaidi aliota akitambaa ndani ya magofu, katika njia nyembamba asizoweza kupenya. Mwaka 1924 alitoa chapa 50 ziitwazo *Vita*, katika mafungu 5, nakala 70 tu. Humo mna maiti zilizooza, askari aliyejeruhiwa na mwenye wazimu, fuvu lenye funza. Baadaye akaichora *Vita* nyingine kwa rangi juu ya mbao, kazi ya miaka 1929 hadi 1932, ambayo imo Dresden.

Hii ndiyo nusu iliyomtia mashakani. Mwaka 1933 Wanazi walimfukuza ualimu wake katika chuo cha sanaa cha Dresden, na mwaka 1937 picha yake kubwa ya *Handaki*, iliyokamilika mwaka 1923, ikatundikwa Munich katika maonyesho ya kuifedhehesha sanaa waliyoiita potovu. Mwaka 1945, naye amepita miaka 50, aliingizwa tena jeshini akatekwa na Wafaransa. Kambini Colmar akawachorea wafungwa picha ya Bikira Maria kwa ajili ya kanisa lao.

Kadi alizompelekea Helene Jakob zimesalimika, nazo zimehifadhiwa Gera. *Handaki* haijaonekana tena.