Kabla ya Filta Kulikuwa na Chumba cha Giza: Picha Zinazopandana Zilikotoka

Enzi za mkanda, fundi picha wa mtaani alikuwa na kitu kimoja alichokiogopa kuliko mvua: mkanda kugoma kusogea. Anapiga harusi, anabonyeza, anabonyeza tena, kumbe fremu ni ile ile. Akienda kusafisha, bibi harusi anatoka na pembe za ng'ombe usoni. Mteja anawaka, fundi anabaki na picha isiyouzika.

Leo kosa lile lile watu wanalifanya makusudi. Mtu anasogeza simu mpaka karibu kabisa na gome la mti, kutu ya bati au povu la sabuni, anapiga, halafu anazipandanisha picha moja juu ya nyingine mpaka hujui tena unaangalia nini. Unaona rangi na mistari tu, na bado huwezi kuacha kuangalia. Wengi wanadhani programu za simu ndizo zilizoleta mambo haya. Wapi! Hii ishu ni ya zamani kuliko babu yako.

Mwaka 1861, jijini London, mwanasayansi James Clerk Maxwell alionyesha utepe mmoja uliopigwa picha tatu: moja kupitia rangi nyekundu, moja kijani, moja bluu. Kila picha peke yake haikuwa na maajabu. Zilipomulikwa ukutani zikapandana, rangi za utepe zikatokea. Yaani picha ya rangi yenyewe ilizaliwa kwa kupandanisha, na kioo cha simu yako mpaka leo kinachanganya rangi hizo hizo tatu.

Kusogea karibu nako kuna historia yake. Mwaka 1928 mwalimu wa sanaa wa Ujerumani, Karl Blossfeldt, alitoa kitabu cha picha za mimea zilizokuzwa mara nyingi sana. Shina likaonekana kama nguzo ya chuma, jani changa likajikunja kama fimbo ya chifu. Alichoonyesha ni rahisi: ukisogea karibu vya kutosha, kitu kinapoteza jina lake na kubaki umbo.

Huku kwetu Afrika Mashariki, Omar Said Bakor alikuwa na studio yake kisiwani Lamu. Hakusubiri kompyuta. Alikata picha, akaunganisha, akaweka sura za watu ndani ya picha nyingine. Waliokaa mbele ya kamera yake wengi leo ni sura bila majina, lakini ubunifu wa fundi bado unaonekana.

Kwenye chumba cha giza kazi ilikuwa hivi: fundi analaza negativu mbili pamoja, anapitisha mwanga, na karatasi inapokea zote kwa mpigo. Au anapiga mara mbili kwenye fremu moja, lakini kila mara anapunguza mwanga nusu, la sivyo picha inaungua na kuwa nyeupe. Ukikosea, karatasi na dawa vimekwenda, na hela ni yako.

Mwaka 1994 Photoshop ikaleta tabaka, na gharama ya kukosea ikafa. Kinachofanyika ndani ni hesabu ya darasani. Nyeupe ni moja, nyeusi ni sifuri, na programu inazidisha. Nusu mara nusu ni robo, kwa hiyo giza linaongezeka. Moja haibadilishi kitu, kwa hiyo nyeupe inapotea na mistari myeusi inabaki. Kuna njia nyingine inayofanya kinyume: nyeusi inapotea, mwanga unabaki. Ukizijua hizo mbili tu, umeshaanza.

Shida ya sasa ni nyingine. Kwa kuwa ni bure, watu wanapakua ukuta uliopasuka wa Ulaya na marumaru ya Italia, na kazi za vijana wa Dar, Nairobi na Berlin zinafanana kama pacha.

Sasa nenda Kimali, mkoani Simiyu, ukanda wa pamba. Nchi nzima inaujua mkoa huu kwa tani zinazopimwa kwenye mizani. Lakini sogeza lenzi. Kiangazi, udongo mweusi wa mbugani hunywea na kupasuka vipande vipande, maana mfinyanzi wake huvimba kwa maji na kusinyaa kwa jua. Hiyo ni mistari myeusi iliyo tayari. Tumba la pamba lililofunguka ni nyuzi nyeupe zisizo na mwisho. Gome la mbuyu lina mikunjo kama ngozi ya mzee. Laza pamba juu ya udongo kwa kuzidisha, nyeupe itayeyuka na nyufa zitakata katikati ya nyuzi. Geuza njia, nyufa zitafifia na pamba itawaka kama mawingu ya usiku. Hakuna mtu wa Berlin mwenye picha hiyo.

Atakayeiona hatajua kuwa chini yake kuna jasho la mtu aliyepalilia miezi kadhaa. Ila kijana wa Kimali akiiangalia, kidole chake kitakwenda moja kwa moja kwenye ufa na kusema: hapa ni shambani kwetu.

Yule fundi wa harusi alipata tabaka mbili kwa bahati mbaya akazitupa. Wewe unazo bure mfukoni. Utapandanisha nini na nini?