Uboreshaji (katika hisabati): mfano wa mabomba ya gesi asilia

uboreshaji *nm* [u-] 1. tendo la kufanya kitu kiwe bora kuliko kilivyokuwa: *uboreshaji wa barabara*. 2. (Hisabati) utafutaji wa jawabu lililo bora kuliko mengine yote yanayowezekana, kwa kutimiza masharti yaliyowekwa.

Tofauti ya maana
Katika maana ya kwanza, kitu huweza kuboreshwa leo, kisha kikaboreshwa tena kesho. Katika maana ya pili, jawabu ama ndilo bora kuliko yote, ama silo. Ripoti isemapo kuwa uendeshaji wa bomba la gesi “umeboreshwa”, msomaji hawezi kujua kama gharama imepungua tu, au kama imethibitishwa kwa hesabu kwamba haiwezi kupungua zaidi. Mfasiri hana budi kuiondoa shaka hiyo.

Mfano
Gesi ipitapo bombani hupoteza kanieneo kwa sababu ya msuguano. Katika mabomba marefu hujengwa vituo vya kompresa ili kuirudisha, na mara nyingi kompresa hizo huendeshwa kwa kuchoma sehemu ya gesi ileile inayosafirishwa. Tatizo la uboreshaji hapa huwa na sehemu tatu:

*Vigeu*: kiasi cha gesi kipitacho katika kila bomba, na kanieneo katika kila kiungo cha mtandao.
*Lengo*: kupunguza gesi inayochomwa vituoni hadi kiwango cha chini kabisa.
*Masharti*: gesi iingiayo kila kiungo iwe sawa na itokayo, kanieneo isizidi ile inayohimiliwa na bomba, wala isipungue ile anayohitaji mteja.

Sharti gumu zaidi ni lile linalounganisha kanieneo na mtiririko. Kwa mujibu wa mlinganyo wa Weymouth wa mwaka 1912, mraba wa kanieneo ya mwanzo wa bomba ukitolewa mraba wa kanieneo ya mwisho, tofauti huwiana na mraba wa mtiririko. Tuseme gesi huingia kwa megapaskali 6 na kutoka kwa 5: tofauti ya miraba ni 36 − 25 = 11. Mtiririko ukiongezwa maradufu, tofauti huwa 44. Ili gesi itoke bado kwa megapaskali 5, lazima iingie kwa takriban 8.3.

Mbinu
Mwaka 1968, Wong na Larson walitumia upangaji wa hatua kwa hatua: uamuzi wa kila kituo huunganishwa na ule wa kituo kinachofuata, hadi bomba zima likamilike. Mbinu hii hufaa bomba moja lenye vituo vilivyofuatana. Mtandao wenye mizunguko ni mgumu zaidi, kwa kuwa gesi huweza kugawanyika katika njia nyingi. Mwaka 2000, De Wolf na Smeers waliushughulikia mtandao wa Ubelgiji kwa kukadiria mikunjo ya mlinganyo kwa vipande vya mistari iliyonyooka.

Kwa sababu ya mikunjo hiyo, hesabu huweza kukwama kama maji yaliyotuama katika bonde dogo, ilhali bonde refu zaidi liko ng’ambo ya kilima. Jawabu la namna hiyo ni *bora katika eneo lake*. Si *bora kuliko yote*.

Tanbihi za matumizi
1. *Kanieneo* (kani kwa eneo) ni istilahi ya fizikia. *Shinikizo* hutumika kwa mapana zaidi, mathalani *shinikizo la damu*. Makala moja itumie neno moja.
2. *Kipeo cha pili* cha 3 ni 9. *Kipeuo cha pili* cha 9 ni 3. Silabi moja ikidondoka, mlinganyo huharibika.
3. Pasipo uthibitisho wa jawabu bora kuliko yote, iandikwe *gharama imepunguzwa*.